Mabingwa Watatu na Kilio cha Kakakuona

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa nyamazeni, watoto sogeeni. Hapo zamani za kale mvua ilinyesha siku tatu, cha-cha-cha! Ilipokatika, Kakakuona mmoja, mama mgeni, akaingia mbio kijijini kwa wanyama.

"Krii!" akasema. Akanyamaza. Akapiga mkia chini, pu! pu! "Krii!"

Hakuna aliyeelewa. Wakaitwa mabingwa watatu wa lugha. Nao walikuwa na desturi yao: kila mmoja alisoma peke yake, mlango kafunga, asiibiwe elimu.

Popo, bingwa wa sauti, akatega masikio. "Inapanda, inakatika. Huu ni wimbo!"

Kima, bingwa wa ishara, akacheka. "Wimbo gani? Hamwoni anavyopiga chini? Anataka ngoma!"

Fuko, bingwa wa kujua msemaji katoka wapi, akainusa miguu ya mgeni. "Tope la ukingo wa mto. Huyu ni mfinyanzi."

"Wimbo!" "Ngoma!" "Vyungu!" Basi wakaimba, wakapiga ngoma, ndi-ndi-ndi, wakamwekea na chungu mbele yake. Kakakuona akalia machozi.

"Amefurahi," akasema Kima.

Amefurahi! Hata mimi ninayesimulia kichwa kinaniuma.

Kanga alikuwa anapita na vifaranga wake. Akasimama. "Ninyi! Akina mama wa kabila lake hubeba mtoto mkiani. Mbona mkia wake mtupu?"

Ngoma ikanyamaza.

"Katoka ukingoni mwa mto..." akasema Fuko.

"Na anapiga chini," akasema Kima. "Chini ya udongo!"

Popo akajishika kichwa. "Kila akisema ananyamaza, anasubiri kuitikiwa. Haimbi, jamani. Anaita!"

Wakakimbia. Ukingo ulikuwa umeporomoka. Fuko akachimba, kwa-kwa-kwa! Kima akatupa mawe pembeni. Popo akasikiliza: "Hapo! La, kushoto kidogo!" Wakamtoa mtoto, tope tupu, pumzi inamwishia. Akakohoa. Akauparamia mkia wa mama yake.

Mama akawageukia, akasema maneno marefu, marefu kweli. Mabingwa wakatazamana. Hawakuambulia hata moja.

Popo akamsogelea Kima. "Mwenzangu," akanong'ona, "wewe umeona nini?"

Hadithi yatufunza kwamba lugha si sauti peke yake. Iko pia katika mwili wa msemaji, mahali alipotoka na maisha anayoishi. Anayetaka kuijua na awaulize wenzake.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeielewa yote anieleze na mimi.