Mayai Mwekee

Mwanamke mmoja alikuwa na kuku mmoja tu, koo mweusi anayetaga, wa kununuliwa mnadani, asiyejulikana ukoo wake, na jogoo hakuwa naye. Mwanamke huyo aliitwa Tusajigwe. Dada yake mkubwa, Atupele, aliyeolewa ng'ambo ya mto, ndiye aliyebaki na kuku wa marehemu mama yao: wale wa kishingo, wakubwa, wasio na manyoya shingoni, ambao mama aliwalea maisha yake yote na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Siku moja Atupele akampelekea mdogo wake kikapu cha mayai ya kuku hao, mayai yenye mbegu, ayatunze mpaka koo mweusi atakapoanza kulalia.

Tusajigwe alifurahi mpaka usingizi ukampaa. Kuku wa mama watarudi uani kwake! Alifanya kila kitu kama mama alivyowafundisha. Alitafuta kona yenye ubaridi, mbali na jiko, akatandika pumba kikapuni, akayasimamisha mayai ncha ikiwa chini, akawa anayageuza asubuhi na jioni kwa ncha za vidole. Hakuyaosha wala hakuruhusu mtu ayashike. Yai moja tu lilimchukiza. Lilikuwa dogo, limepinda, limegandwa na tope na mavi. Kulitupa hakuweza, maana limetoka kwa dada. Kulichanganya na wenzake hakutaka. Sasa kwao kuku hanyang'anywi mayai yote kiotani, huachiwa moja la kumzuga asije akahama. Tusajigwe akamwachia koo lile la tope, kiotani kwake nyuma ya mlango, na yale aliyotaga koo mwenyewe, yasiyo na jogoo, yakaliwa nyumbani.

Haukupita muda, kideri kikaingia ng'ambo ya mto. Kilizoa mabanda yote, na uani kwa Atupele yakabaki manyoya. Watu wakakatazana kuvuka, wasije wakaubeba ugonjwa miguuni. Mtu wa mwisho kuvuka alikuwa mchuuzi wa chumvi, na ndiye aliyeleta salamu za Atupele: kuku wa mama wamekwisha wote, hakuna kilichobaki isipokuwa kile kikapu; koo akianza kulalia, mayai mwekee.

Tusajigwe alimlilia dada yake. Kisha akafuta machozi, akalirudia lile neno la mwisho. Mwekee! Nani wa kuwekewa kama si dada aliyefilisiwa na kideri? Aliona fahari kuaminiwa hivyo. Keshoye koo mweusi akagoma kutoka kiotani, akajitutumua manyoya, akawa anadonoa kila mkono unaomsogelea. Jirani akauliza kuku huyu anangoja nini kuwekewa mayai. Tusajigwe akamjibu, kwa kiburi kidogo, kwamba mayai yana mwenyewe. Akaendelea kuyageuza asubuhi na jioni. Alijua kuwa yai lenye mbegu huvumilia juma moja na siku kidogo, baada ya hapo uhai ulio ndani huanza kuchoka. Mama aliwafundisha hilo pia. Lilimtia wasiwasi siku mbili tatu. Lakini akajituliza kwamba dada ndiye mwenye akili ya kuku, bila shaka anajua anachongoja. Na koo naye akaendelea kulalia lile yai la tope, peke yake, kwa ukali ule ule kana kwamba amejaziwa kiota.

Kideri kikapita baada ya majuma matatu, njia ikafunguliwa, na siku hiyo hiyo Atupele akavuka mto. Tusajigwe alikuwa amefagia ua tangu alfajiri. Alimwona dada akija nusu anatembea nusu anakimbia, na hata salamu hazikukamilika, Atupele anauliza vifaranga viko wapi. Tusajigwe akacheka kwa furaha, akadhani ni utani. Akamshika mkono, akampeleka kwenye ile kona yenye ubaridi, akafunua kikapu. Mayai yote yalikuwa yamesimama, safi, hakuna hata moja lililopata ufa.

Atupele akachukua moja, akalitikisa sikioni, likasikika linachezacheza ndani kama maji kwenye kibuyu. Akachukua la pili, nalo vilevile. Akalirudisha polepole mahali pake.

"Mdogo wangu," alisema, "sikusema uniwekee mimi. Nilisema umwekee kuku."

Tusajigwe aliketi chini pale pale kando ya kikapu, na Atupele akaketi naye, maana hakuwa na nguvu za kumgombeza. Tusajigwe aliona kwamba mikono yake mwenyewe iliyoyageuza kwa upole namna ile ndiyo iliyommalizia mama kuku wake. Alilia bila kujificha.

Ndipo wakasikia mlio. Ulikuwa mwembamba, nyuma ya mlango, ukakatika, ukarudi. Wakatazamana. Tusajigwe aliinuka mbio, akamwinua koo mweusi, akadonolewa mpaka damu ikamtoka asijali. Chini yake kulikuwa na maganda yenye tope, na kati ya maganda kifaranga kimoja, kimelowa, shingo tupu kama ya kuku wa mama. Dada wawili hao walishikana mikono wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja, na jirani akaja kuuliza kuna nini. Yai alilolionea aibu, ambalo hakuligeuza hata mara moja kwa mkono wake, lilikuwa limempata wa kulilalia.

Basi nawe, hicho ulichopewa, ambacho mpaka leo kiko safi kikapuni, unamwekea nani?