Majabali Wafika Siku Mbili Mapema

Hapo zamani za kale, enzi ambazo Nyati bado alikuwa anajua kucheka, wanyama wa Bonde la Mikwaju walikuwa na ligi yao ya mpira wa rungu. Usinune, wewe uliyekaa mwisho, nitakueleza. Mmoja anarusha mpira uliosukwa kwa katani. Mpinzani wake anaupiga kwa rungu, paa! Kisha anatimua mbio kuzunguka mawe manne, arudi kwenye lile la nne, liitwalo nyumbani, kabla mpira haujarudishwa. Akiwahi, timu yake inapata duru moja. Mchezo wenyewe ni huo tu.

Timu zilikuwa nane, na nne za juu ndizo zilizoingia mtoano. Msidhani waligombea kombe. Kombe la nini, na kiangazi kinakuja? Timu za mtoano zilipewa kambi kwenye chemchemi ya juu, pamoja na jamaa zao wote, hadi mvua irudi. Waliobaki walikunywa chini, maji yakiwa yameshakorogwa na kila mwenye kwato.

Nguchiro alikuwa nahodha wa Chapuchapu, timu ya wadogo. Mwaka uliotangulia walikosa mtoano. Watoto wake wakanywa tope, na kitindamimba wake, Tindi, akaharisha hadi macho yakaingia ndani. Alinusurika chupuchupu. Tangu hapo Nguchiro akiona mawingu yanapungua, anaingiwa na hofu. Hakumwambia mtu ila mkewe.

Msimu ulipofika nusu, Mzee Twiga, mwamuzi mkuu, aliita baraza. Ilikuwa desturi kila nahodha asimame aseme anavyoiona safari iliyobaki.

Nyati, nahodha wa Majabali, alisimama wa kwanza bila kuitwa. "Tumecheza saba, tumeshinda saba," alisema. "Mtoano tumeshaingia. Kilichobaki ni kuchagua pa kulala."

Akafuata huyu, akafuata yule, mwisho akasimama Nguchiro. Kwa kuwa ni mfupi, ilibidi apande juu ya gamba la Kobe.

"Sisi tumecheza saba, tumeshinda tatu," alisema. "Tuko wa sita. Nusu ya pili tukishinda tano, tunaingia. Na tutashinda tano."

Baraza zima likacheka. Kwa-kwa-kwa! Hata Kobe alicheka kidogo, mpaka nahodha akayumba.

"Nne nakukubalia," Nyati alisema akifuta machozi. "Hiyo ya tano utampiga nani?"

"Wewe, ratiba ikiruhusu."

Kicheko kikakatika. Nyati akamwinamia, akasema polepole, "Huingii, mdogo wangu. Nitahakikisha mwenyewe."

Haya, siku zikaenda. Chapuchapu wakashinda, wakafungwa, wakashinda. Bi Kanga alikuwa na mkono mwepesi wa rungu. Sungura alikimbia vizuri akikumbuka jiwe linalofuata. Kobe alilinda nyumbani, kwa sababu hakuna mahali pengine ambapo angefika kwa wakati. Hadi inabaki mechi moja, walikuwa wameshinda nne za nusu ya pili. Na ile mechi moja ilikuwa na nani? Na Majabali, tena nyumbani kwa Nguchiro. Wakishinda wanaingia, wakifungwa wanarudi kwenye tope.

Sasa, desturi ya ligi ilikuwa hivi: timu inayosafiri ni mgeni, na mwenyeji huilisha mpaka itakapoondoka. Wageni wote wenye haya hufika asubuhi ya mechi. Majabali walifika siku mbili kabla.

"Hodi!" Nyati alinguruma uani. Nyuma yake walisimama Kiboko, Kifaru na wengine sita, wote na matumbo yao.

Nguchiro alitoka. Aliwatazama, akalitazama ghala lake dogo, akaelewa. Hawa hawakuja kucheza mapema. Wamekuja kula akiba yote, ili siku ya mechi Chapuchapu waingie uwanjani na njaa.

Lakini hasira na hofu hazikuonekana usoni, maana alikwishaanza kufikiri.

"Karibuni, karibuni sana," alisema. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mama Tindi, tandika mikeka!"

Wakaketi. Wakaletewa ugali na kunde, fyu, umekwisha. Wakaletewa maboga. Kiboko hakupasua boga, alilitupia kinywani zima, gwaf. Kifaru alikula mahindi pamoja na magunzi yake. Jioni Nyati alikung'uta sufuria na kuuliza kwa upole kama huo ndio ulikuwa mwanzo.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, ila walianza mapema zaidi.

Mama Tindi alimvuta mumewe nyuma ya jiko. "Baba Tindi, ghala linaonyesha sakafu. Kesho vijana wako watacheza na nini tumboni? Waambie hawa waondoke."

"Nikiwafukuza nimevunja desturi, na Mzee Twiga atatunyang'anya mechi. Leo ni siku ya ngapi tangu wafike?"

"Ya pili."

"Basi wapakulie tena. Kile kikapu cha njugu mawe kifiche, hicho ndicho chakula cha timu kesho. Vingine vyote wape."

"Na mtoto wangu atakunywa wapi kiangazi hiki?"

Nguchiro alimshika mkono. "Juu," alisema. "Atakunywa juu, mama watoto. Niamini siku moja tu."

Asubuhi ya siku ya tatu Nyati alitoka nje akipiga miayo, akitafuta uji. Hakukuta uji. Alikuta majembe tisa yamepangwa ukutani, na majirani wamejaa kwenye ua kama wamekuja harusini.

"Hii nini?" aliuliza.

"Majembe, kaka yangu," Nguchiro alijibu. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Walisema wazee, sikusema mimi. Pale mtelemkoni nataka matuta ya viazi vitamu kabla udongo haujakauka."

"Leo tunacheza."

"Mechi ni alasiri. Hii ni asubuhi."

"Na tukikataa?"

"Siwalazimishi. Nitawaeleza tu hawa majirani kwamba Majabali walikula siku mbili, na jembe lilipoonekana wakaumwa viuno. Bi Kunguru yule pale juu ya mti. Habari itafika bonde zima kabla hujamaliza kupiga miayo."

Bi Kunguru akakohoa kidogo, kuonyesha kwamba yupo na yuko tayari.

Mwenye nguvu anaweza kuitwa mchoyo, anaweza kuitwa mjeuri, lakini kuitwa mvivu mbele ya majirani ni aibu isiyosafika. Nyati akachukua jembe. Wenzake wakachukua.

Mnadhani walilima? Walikwaruza. Walikusudia kukwaruza hivyo hivyo mpaka saa nne, kisha wakalale. Nguchiro aliona hayo, akapita kwenye mistari yao na kibuyu cha maji, mpole kabisa.

"Pole na kazi, Bwana Kifaru," alinong'ona. "Usimsikilize Kiboko."

"Kasema nini?"

"Kwamba tuta lako ni dogo, la kuotesha vitunguu tu. Mimi nimekataa."

Kifaru akapuliza pua, fuuu, jembe likazama mpaka mpini. Nguchiro alikuwa ameshafika kwa Kiboko.

"Pole, Bwana Kiboko. Kumbe Kifaru ana nguvu hivyo? Anasema wewe kazi yako ni majini, ukitoka nje ni mzigo tu."

Kiboko alilima. Kukuru-kukuru, udongo ukaruka kama mvua ya mawe. Naye Nyati, kwa kuwa nahodha hawezi kuwa nyuma, hakuhitaji kuambiwa chochote. Alikunja mikono akapiga matuta mawili kwa wakati mmoja.

Wakati huo Chapuchapu walikuwa wamelala kivulini, njugu mawe zimewakaa vizuri. Sungura alikoroma.

Adhuhuri mtelemko mzima ulikuwa matuta, kutoka mwamba wa juu hadi mtoni. Majirani walipiga makofi, Majabali wakatabasamu huku miguu inatetemeka. Mama Tindi akawapakulia ugali wa mwisho ghalani, mlima kwa kila mmoja, wakala wote.

Alasiri Mzee Twiga akapuliza pembe. Puuu!

Majabali walianza vizuri, maana nguvu haziishi mara moja. Kifaru alipiga, akazunguka, akarudi. Duru moja. Kiboko alipiga, akafika jiwe la pili, akaegemea. "Nakuja," aliwaambia wenzake. Hakuja.

Bi Kanga alipiga mpira chini chini, ukapita katikati ya miguu ya watu wazima watatu. Wote watatu waliutazama. Hakuna aliyeweza kuinama, migongo imekwisha mashambani. Bi Kanga akarudi nyumbani akitembea. Sungura akaongeza ya pili, safari hii bila kusahau jiwe.

Mbili kwa moja. Zamu ya mwisho, rungu likawa mikononi mwa Nyati.

Nguchiro ndiye aliyekuwa akirusha. Akarusha, na Nyati akapiga kwa uchungu wake wote. PAA! Mpira ukapaa, ukawa tone, ukatumbukia mbali kwenye nyasi. Siku nyingine Nyati angezunguka mara mbili na kuomba maji njiani, na mechi ingekuwa yake. Nguchiro aliona chemchemi ya juu ikipotea mbele ya macho yake. Aligeuka akakimbia kwenda nyasini, pua chini, bila kutazama nyuma.

Nyati alipita jiwe la kwanza, tu-tu-tu. Akapita la pili, tuu, tuu. La tatu alilifikia akivuta mguu. Toka pale hadi nyumbani ni hatua ishirini. Alipiga sita, akasimama, akapiga moja, akaketi.

Nguchiro akatokea nyasini na mpira mdomoni. Alimpita Nyati pale alipoketi, akauweka mbele ya Kobe, akalala chali, kifua kinampanda na kushuka.

"Chapuchapu wameshinda," Mzee Twiga alitangaza. "Wanaingia mtoano, wa nne."

Nyati aliinuka kwa shida. "Mzee Twiga, napinga. Mechi hii si halali. Tumelimishwa tangu asubuhi kama punda!"

Mzee Twiga aliinamisha shingo, akaishusha mpaka uso wake ukalingana na wa Nyati.

"Pole sana. Mlifika lini, baba?"

"Juzi."

"Kwa mechi ya leo?"

"Ndiyo."

"Na hizo siku mbili mlikuja kufanya nini?"

Nyati akatazama tumbo lake. Bi Kunguru aliinama kwenye tawi asikie vizuri. Nyati aligeuka akaondoka, na wenzake wakamfuata mmoja mmoja wakishika viuno.

Kiangazi hicho Tindi alikunywa kwenye chemchemi ya juu, maji safi yanayoonyesha changarawe, na baba yake alikaa kando akimtazama mpaka aliposhiba. Kuhusu mtoano wenyewe sitawaambia nani alichukua, maana Nguchiro alichokitaka alikwishakipata.

Ukienda kwa mwenzio ili umalize chakula chake, mkono wako uwe tayari kwa jembe lake.