Kata ya Kwanza ya Pombe ya Aikande

Hii nimetumiwa leo asubuhi. Kabla sijafika mwisho nilikuwa nimeshamkumbuka mtu, nikaona haya. Isome taratibu.

Uchaggani, enzi za Mangi, yaani chifu wa Wachagga, aliishi mjane aitwaye Aikande. Mumewe alipofariki, shemeji yake Kilawe alidai kihamba, yaani lile shamba la migomba alilokuwa akiishi na wanawe. Kesi ikafika kwa Mangi.

Mangi akasema, "Mama yangu alikuwa akipika pombe nyeusi ya ndizi na ulezi. Tangu afe sijaipata. Nipikie, Aikande. Ikinipendeza, kihamba ni cha mwenye pombe hiyo. Isiponipendeza, ni cha Kilawe."

Aikande akamkimbilia rafiki yake Elieshi, jirani wa ng'ambo ya mfereji. Walikuwa wakipika pamoja tangu usichana wao. Wakamenya ndizi, wakazichemsha, wakaziacha siku kadhaa zichachuke. Aikande akakaanga kimea cha ulezi mpaka kikawa cheusi. Wakatia magome machungu na tangawizi, wakafunika pipa. Kila mara Aikande aliuliza, "Itampendeza kweli?"

Asubuhi ya siku ya kuonja, Kilawe alimkuta akichota maji.

"Shemeji, mimi sikupendi, lakini sitaki ufe. Jana nimemwona Elieshi akifunua pipa lako peke yake. Ametia kitu, akakoroga, huku anatazama nyuma."

"Kitu gani?"

"Muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Elieshi alikuja, wakajitwika pombe, wakaongozana njia nzima mpaka kwa Mangi. Mdomo alikuwa nao, nafasi alikuwa nayo, na bado hakumuuliza!

Kwa Mangi watu walikuwa wamejaa. Kata, kile kibuyu cha kunywea, ikajazwa, akapewa Aikande, maana mila inamtaka mwenye pombe anywe kwanza ili wageni waone haina sumu. Aikande akaitazama ile pombe nyeusi. Akawafikiria wanawe wakibaki yatima. Akageuka, akamnyooshea Elieshi kata.

"Onja wewe kwanza."

Watu wakageuka kumtazama Elieshi. Kila mtu alielewa kwamba amemtuhumu rafiki yake mbele ya Mangi.

"Mimi, Aikande?"

"Wewe."

Elieshi akaipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka tone la mwisho, akasimama palepale. Watu wakasubiri aanguke. Hakuanguka. Hapo Mangi akadai kata yake, akanywa, akafumba macho.

"Ndiyo hii," akasema kwa sauti ndogo. "Ndiyo ya mama. Mmetia nini?"

"Ulezi uliungua, Mangi," Elieshi akajibu. "Jana nilionja nikakuta uchungu umezidi. Nikatia asali niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Sikumwambia mwenzangu kwa sababu hofu ilikuwa imemmaliza."

Aikande akajifunika uso kwa kanga.

Mangi akasema, "Anayeonja kwanza ndiye mwenye pombe. Aikande, umeikataa mwenyewe, sisi sote tumeona. Kihamba ni cha Elieshi."

Kilawe akaangua kicheko. Aikande akapiga magoti.

"Nakipokea, Mangi," Elieshi akasema. "Na sasa hivi, mbele yako, nampa Aikande na wanawe." Kilawe akaacha kucheka.

Aikande akamkimbilia Elieshi njiani, analia. "Nisamehe, dada yangu. Kesho njoo, tupike ya kushukuru."

"Nimekusamehe," Elieshi akasema. "Watoto wako sitaki walale nje. Lakini pale uwanjani mimi nilijua nimetia asali tu. Wewe ulidhani ni sumu, na ukanipa ninywe."

Aikande akamshika mkono.

"Pombe utapika na mwingine," Elieshi akasema, akavuka mfereji kwenda kwake.

Funzo: Ukiletewa neno baya kuhusu rafiki yako, muulize mkiwa wawili, usimpime mbele za watu. Anaweza kukusamehe kabisa, na bado usimpate tena.

Kama nawe umemkumbuka mtu, usinijibu mimi. Mpigie yeye.