Jina la Mtoto wa Eliaichi

Sogeeni, wajukuu zangu. Anayetafuna muwa autue kwanza, na wewe uliyesimama mlangoni, ingia ukae. Hadithi hii ni ya mtu mpweke, haitaki kelele.

Milimani Upare alikuwako mjane, Nakiete, mwenye zizi lililojaa. Watoto wake wote walikufa kwa kuhara, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wachanga wa kule. Akabaki akipikia chungu kile kile kikubwa, anakula kidogo, kinachobaki anawamwagia kuku. Siku moja akajiuliza, ng'ombe hawa ninamfugia nani? Akawaita watu watatu, akampa kila mmoja ng'ombe wa maziwa, akawaambia wakae kwake, wale, watafute kinachoua watoto.

Mbazi, wa kwanza wao, alijaliwa macho yenye subira. Alishinda kando ya ndiva, lile bwawa la kukusanyia maji ya mfereji, akiangalia nani anachota wapi, na nyumba ipi inalia baadaye. Mwisho akajua: ugonjwa umo ndani ya maji.

Kirumbe alijaliwa mikono. Alifinyanga mitungi, akaitoboa, akapanga mchanga na mkaa ndani, ikapasuka, akaanza upya, watu wakimcheka kwamba anapika udongo. Mwisho maji yakatoka yasiyoua.

Sefora alijaliwa ulimi, lakini hapo ulimi haukutosha. Akina mama walikataa katakata, wakasema maji yaliyopita kwenye mkaa ni maji ya msiba. Mitungi ikakaa mpaka buibui wakahamia. Basi Sefora akambeba mwanawe, anayenyonya bado, akampeleka ndivani mbele ya wote, akamnywesha maji ya mtungi. Mvua zikaja, zikaisha, mtoto akawa anatambaa. Hapo mitungi ikagombewa.

Masika yaliyofuata halikuchimbwa kaburi dogo hata moja.

Nakiete akataka kujua jambo moja tu: mali yangu imefanya nini? Akawauliza watatu wale. Kila mmoja alijibu, ni wewe, mama, bila wewe tusingekuwa kitu. Sifa zile zikamkaa kifuani kama uji uliopoa. Wangesema nini kingine, nao wanakula kwake?

Akashika fimbo, akateremka kwa Eliaichi, mwanamke aliyezika wanawe wote isipokuwa wa mwisho, aliyekuzwa kwa maji ya mitungi. Desturi ya huko, mtoto hapewi jina mpaka aote jino, na aliyeponea chupuchupu hupewa jina la aliyemponya. La mtu mmoja tu, halichanganywi. Na Nakiete hakuwa na mtu duniani wa kubeba jina lake.

"Karibu, mama," Eliaichi alisema, mtoto mgongoni. "Wewe ni mama wa nani?"

Nakiete akasema tu kwamba yeye ndiye mwenye wale ng'ombe.

Eliaichi akamkalisha, akampa maji ya mtungi. Akamweleza bila kumficha kwamba Sefora anamjua, Kirumbe anamjua, Mbazi pia alimwona akishinda ndivani. "Ila wewe, mama, leo ndiyo kwanza nakuona. Na hebu niambie: wangekosa maziwa yako, wasingetafuta kwa mwingine?"

Nakiete alitazama maji mkononi. "Sijui," alisema. "Ndicho nilichokuja kuuliza."

Mtoto akanyoosha mkono, akamshika kidole, akakitia mdomoni. Akamng'ata. Jino lilikuwa limeota.

Basi habari ya jino ikafika kwa wale watatu, wakaja kila mmoja na lake, akidai jina. Mbazi akasema, nisingeona, mngechuja nini? Kirumbe akasema, nisingefinyanga, mngebaki kujua tu kinachowaua. Sefora akasema, yenu yote yalikuwa nyumba ya buibui. Nakiete alirudi kwake, na kabla mbaazi hazijakomaa akafa.

Mbazi alirithi zizi. Kirumbe akarithi shamba la tangawizi, Sefora nyumba. Chungu kile kikubwa, marehemu alisema kipelekwe kwa Eliaichi, nacho hupikiwa mpaka leo, hakibakizi cha kuku.

Lakini mtoto anakimbia sasa, na bado anaitwa Mtoto. Jina ni moja, wajukuu. Haya, ungekuwa wewe ndiye Eliaichi, umempakata, ungemwita nani?