Mkia wa Faili la Radhi

Niazimeni masikio, enyi waumini, niwape habari ya mama mmoja fundi cherehani, siku aliyomwoza binti yake.

Mumewe alikuwa mpishi katika meli ya mizigo, na arusi ikamkuta ugenini. Kabla meli haijang'oa nanga, alijirekodi video akimpa bintiye radhi, akaiweka mtandaoni, akatuma kiungo cha kuipakulia. Kisha akaingia bahari kuu, kusikofika simu wala salamu. Naye binti akaapa: "Sitoki chumbani mpaka nimsikie baba."

Asubuhi ya arusi mama akaketi mbele ya kompyuta yake. Faili likashuka, likashuka, likakaribia mwisho, mtandao ukakatika. Papo hapo akaingia wifi yake, dada wa mume, mwanamke ambaye ulimi wake haujapata kulala na njaa.

"Wifi, sauti ya kaka yangu imefika? Au umeiacha bila pindo, kama gauni langu la Idi?"

"Imefika yote," akajibu mama. "Nenda kamalize wanja wako."

Mnaona? Neno moja tu, "bado," lingemtosha. Akaliogopa.

Mpate kuelewa: faili lisilokwisha kupakuliwa hutiwa mkia wa herufi kwenye jina lake, alama ya kwamba halijatimia. Mama, apate la kumwonyesha wifi, akaufuta mkia ule, akaliita kwa jina la faili zima. Jina likapendeza, faili halikufunguka. Mtandao uliporudi, akabonyeza kiungo. Programu ya kupakulia ikalitafuta faili lenye mkia ili iliendeleze, isilione, ikaanza upya tangu mwanzo. Mama akaisimamisha kwa hofu, akakifuta kile kipande kipya, kwa kuwa kifurushi cha intaneti kilichosalia hakikutosha hata nusu ya safari. Barazani, bwana arusi na watu wake wamekwisha kuketi. Nyuma ya mlango, binti anauliza, "Mama, mbona simsikii baba?"

Akamwita wifi yule yule aliyemficha ukweli.

"Wifi yangu, nilikudanganya. Halikufika lote. Na mkia wake nimeukata mimi."

"Kumbe hata fundi huishiwa na uzi!" Wifi akacheka, akavuta kiti. "Lirudishie mkia wake, mke wa kaka. Liite lilivyo."

Mama akaziandika tena zile herufi za aibu, akabonyeza pa kuendelea. Programu ikalitambua faili. Haikudai kuanza upya, wala haikuuliza ni nani aliyelikata. Ikashika pale pale ilipoachia. Punde sauti ikajaa nyumba nzima: "Mwanangu, radhi zangu unazo, ukiwa mbele yangu na ukiwa mbali nami." Binti akafungua mlango. Wakalia wote watatu, na wifi akawa wa kwanza kuharibu wanja wake.

Sasa tujiulize sisi. Je, faili liliharibika? La. Je, kule lilikotoka kulifungwa? Hasha. Kilichozuia ni jina la ukamilifu juu ya kitu kisichokamilika. Ni wangapi hapa tuliokata mkia? Sala zimetukatikia njiani, nasi twajiita wachamungu. Tumenuniana na ndugu, nasi twasema, "Kwetu salama." Kisha twalalamika kwamba Mola hatutimizii! Atatimiza nini kwa mtu aliyekwisha kujitangaza mzima?

Nawe uliyekata tamaa, ukidhani kutubu ni kuyapoteza yote na kuanza na mikono mitupu, tua moyo. Jema ulilolitanguliza lingali limehifadhiwa, hata kama lilikomea katikati. Limebaki neno moja, lile ambalo mama yule aliliogopa mbele ya wifi yake. Liseme leo, mbele ya Asiyekucheka:

"Ya Rabi, bado."