Kiboko Aliyeshinda Kabla ya Kura

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Nani hao, wawili tu? Mchana nilipouliza nani atakuja kusikiliza ngano, mikono yote ilikuwa juu. Haya, mliolala amkeni. Paukwa!

"Pakawaaa!"

Hapo sawa.

Palikuwa na dimbwi moja la maji, na kiangazi kilikuwa kikali. Wanyama wakakubaliana wachague mlinzi wa dimbwi. Desturi yao ilikuwa kupanga mlolongo: siku ya kura, jua likifika utosini, unapanda kilimani na kusimama nyuma ya unayemtaka. Asiyesimama hahesabiwi.

Waliogombea ni Kiboko, mwenye tumbo kubwa na tamaa kubwa zaidi, na Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Kiboko aliwaahidi nyati na ngiri matope ya kugaagaa. Wadogo aliwaambia waziwazi kwamba watalamba kitakachobaki. Maskini, wakaingiwa na hofu, maana walijua hakitabaki kitu.

Kiboko akamtuma Kunguru akaulize. Unamtaka nani, Nyati? Kiboko. Unamtaka nani, Ngiri? Kiboko. Unamtaka nani, Digidigi? Pimbi, kwa sauti ndogo. Kunguru akarudi kusema kwamba wanaomtaka Kiboko ni wengi mno. Kiboko akacheka, hwo hwo hwo, mpaka dimbwi likafurika.

Pimbi alisikia, wala hakubisha. Siku hiyohiyo alizunguka kwa wadogo, akamwambia kila mmoja neno lilelile: tumeshindwa, labda uje wewe. Digidigi akasema nitakuja. Panya akasema nitakuja na wanangu. Kobe yeye alianza safari palepale.

Asubuhi ya kura Pimbi akateremka matopeni, akawapa nyati na ngiri hongera.

"Mmeshashinda, wakubwa zangu. Kunguru amehesabu. Ya nini kupanda kilima na jua hili?"

Wakamwona ana adabu. Wakageukia upande wa pili, chubwi, wakaendelea kulala.

Jua likafika utosini. Mlolongo wa Pimbi ulishuka mpaka chini ya kilima, na Kobe ndiye aliyeufunga, anahema. Nyuma ya Kiboko alisimama Kunguru peke yake, anatazama pembeni.

"Lakini walisema wananitaka," Kiboko akalalamika.

"Wanakutaka sana," Pimbi akajibu. "Hata sasa nenda kawaulize. Wako matopeni."

Wadogo wakashuka dimbwini, wakanywa bila kufukuzwa, gubu gubu gubu. Digidigi alikunywa, akashusha pumzi, akalia kidogo kwa furaha. Jioni nyati wakaamka, wakauliza wameshinda kwa wangapi.

Fundisho, wajukuu zangu: ukishaulizwa unamtaka nani ukajibu, kazi yako imekwisha. Nyoosha miguu ulale. Na anayekupa hongera mapema, huyo anakupenda kweli.

Ngano yangu nimeiacha dimbwini, mwenye kiu akainywe. Sasa nani atanisaidia kuosha vyombo?

Mikono nimeiona. Inukeni basi.