Sange na Nyumba Iliyolishwa Sauti

Hapo zamani za kale, zamani ambazo hata bibi yangu alizisikia kwa watu, wanyama walikuwa na kampuni. Nyie wa nyuma, acheni kutafuna, hadithi hii haipendi kelele. Ndiyo, nimesema kampuni. Walikuwa na mashamba ya miwa bonde zima, kiwanda chenye bomba la moshi, kengele ya asubuhi, na bosi.

Bosi alikuwa Fisi. Msaidizi wake alikuwa Nyati. Fisi alipenda vitu viwili tu duniani, nyama na sifa. Nyama alikuwa akishiba, lakini sifa, thubutu!

Sasa, kila mwaka miwa ikishavunwa, kampuni ilikuwa na siku tatu za kujitolea. Nyati alibandika karatasi kwenye ubao wa matangazo: WAFUATAO WAMEJITOLEA. Na hao waliojitolea walikuwa wanapata habari zao pale pale ubaoni, kama wewe unavyozipata sasa.

"Mimi nimejitolea lini?" Swala aliuliza mwaka ule.

"Jana," akajibu Nyati. "Ulikuwa kazini, hukusikia."

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Unavaa fulana nyeupe ya kampuni, unabeba kapu la sukari guru mpaka Nyumba ya Mhitaji kule kwenye mianzi, unafagia kibaraza, unatoa zawadi, unarudi. Huyo Mhitaji hakuna aliyewahi kumwona. Nyumba ilikuwa ya udongo, mlango mmoja, dirisha hakuna. Na ile mianzi, sikilizeni vizuri, ilikuwa haitikisiki hata upepo ukivuma.

Aliyekwenda huko alirudi bubu.

Ee, bubu! Anafungua mdomo, inatoka hewa tupu. Mganga wa kampuni, Korongo, alikuwa akichungulia koo na kusema, "Mafua tu hayo. Yatapita." Hayakupita. Mwaka baada ya mwaka mashamba yakajaa wafanyakazi wasiosema neno, unasikia panga tu, cha, cha, cha. Fisi alipita katikati yao akichekelea. "Mnaona? Kwangu mimi hakuna anayelalamika!"

Mwaka ule siku ya kwanza alikwenda Swala. Siku ya pili, asubuhi, akaenda Chiriku. Jina la siku ya tatu lilikuwa Sange.

Sange mnamjua? Kanyama kadogo, ngozi ya vumbi, pua ndefu isiyotulia. Ukisema "yule pale," ameshafika kwingine, pruu! Alikuwa anaishi chini ya mti wa Chiriku, na wawili hao walikuwa mashoga wa kupikiana.

Chiriku alikuwa na makinda watatu, macho hayajafumbuka. Mama akirudi na mdudu aliita, chiri-chiii! Vinywa vitatu vikafunguka wazi. Bila sauti hiyo walifumba midomo na kujikunyata, kwa sababu nyoka naye hutikisa tawi. Mama yao mwenyewe ndiye aliyewafunza hivyo, masikini.

Basi Chiriku akarudi na fulana yake nyeupe, akatua tawini na mdudu. Akafungua mdomo. Kimya. Makinda wakajikunyata.

"Shoga, si uwaite!" akasema Sange kutoka chini.

Chiriku akamtazama tu, machozi yanamtoka. Sange akaelewa. Akapanda mbio, akajaribu yeye, "Chiri-chii! Chiri-chii!" Wapi! Watoto si wajinga. Mmoja alikuwa tayari shingo imemlegea.

"Hawa wakikosa chakula mpaka kesho jioni, hatuna watoto," akasema Sange, na moyo ukamuuma kana kwamba ni wake. "Ngoja. Nakwenda kumwona huyo Mhitaji."

Alifika jua likiwa utosini, saa ile ambayo huna hata kivuli cha kukusindikiza. Nyenje walikuwa wamenyamaza. Akasimama kibarazani. Uongo dhambi, alitaka kukimbia.

"Hodi!"

"Karibu, shoga," ikajibu nyumba.

Sauti ya Chiriku! Malaika yakamsimama mwili mzima.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikasema nyumba kwa sauti ya Swala. Kisha, taratibu, "Karibu, mjukuu wangu." Hiyo ilikuwa sauti ya Mzee Kobe. Na Mzee Kobe alikuwa amezikwa mwaka juzi.

Sange akausogelea mlango. "Mbona unawaibia watu sauti?"

"Mimi sinyang'anyi mtu," ikasema nyumba, safari hii sauti nyingi zikipokezana, neno hili la huyu, neno lile la yule. "Nauliza, nani anatoa? Wao wanajibu, ni mimi, kwa hiari yangu. Hivyo ndivyo Nyati anavyowafundisha. Nami nachukua kile kilichosema, yaani sauti."

"Nani alianzisha mambo haya?"

"Fisi. Aliniomba bonde zima liote miwa, akaahidi kunipa kila mwaka. Hakusema atanipa cha nani."

Sange akakuna pua. "Na ni lazima mtu asimame mlangoni hapa?"

"Uani kwangu kote nasikia. Mpaka mwanzi wa mwisho."

"Fisi analijua hilo?"

"Hajaniuliza."

"Umeshiba lakini?"

Nyumba ikavuta pumzi, udongo ukatoka vumbi. "Sijashiba. Ni ndogo mno hizi. Halafu zinalia humu ndani, hazinyamazi."

Sange akatega sikio. Kweli, nyuma ya ule mlango kulikuwa na vilio vyembamba vyembamba, na kimoja kilikuwa kinaita watoto. Nusura alie na yeye.

"Nikikuletea moja kubwa," akasema, "inayosikika mabonde matatu, utaziachia hizi zote?"

Sauti zote zikajibu kwa pamoja, na ya marehemu ikiwemo, "Ilete."

Siku ya tatu ilikuwa siku ya wageni. Walikuja wakubwa wa kampuni nyingine, na Kasuku, mwandishi wa gazeti, kalamu sikioni. Kitambaa kirefu kikatundikwa: KAMPUNI INATOA. Fisi alikaa kwenye kiti chake cha kuegemea chini ya mianzi ya mwisho, mbali na mlango. Mlango alikuwa anauogopa, lakini aliamini kwamba hatari ni kwa anayesimama pale mlangoni tu. Nyati alisimama pembeni yake, kifua mbele.

Sange akaja na kapu, fulana inaburuzika chini. Akaupita mlango wa nyumba bila kusimama, akaenda moja kwa moja kwa Kasuku.

"Bwana mwandishi, umeandika jina langu?"

"Jina lako la nini? Naandika Kampuni."

"Aa, utaaibika. Leo mwenye nyumba atauliza mwenyewe nani anatoa. Nitajibu ni Sange, mkata miwa. Andika hivyo, na picha iwe yangu."

Fisi akainua masikio. "Huyu mdudu anasema nini?"

"Anasema picha iwe yake, Bosi," akajibu Nyati.

"Ati nini!"

Kabla hajainuka, mlango ukalia, kwiiii, ukafunguka wenyewe. Ndani giza tupu, mchana kweupe. Wageni wakasogeleana. Sauti ikatoka humo, ya kike, ya kiume, ya kitoto.

"Nani anatoa?"

"Leo kuna gazeti, sema Kampuni!" Nyati akamfokea Sange.

"Kampuni inatoa!" Sange akasema kwa utiifu.

"Kampuni ndiye nani?" ikauliza nyumba. "Simwoni. Hana mdomo. Nani anatoa?"

Sange akamgeukia Kasuku, akanyoosha pua yote. "Umesikia, bwana? Kampuni haimo. Haya, kalamu tayari? Anayetoa ni mimi Sa..."

"Koma!" Fisi aliruka kutoka kitini, mate yanamtoka. "Sukari yangu, kapu langu, na wewe nimekuajiri mimi! Kasuku, futa! Ni mimi! Anayetoa ni mimi Fisi, kwa hiari yangu mwenyewe!"

"Na mimi Nyati!" akadakia msaidizi, asije akasahaulika gazetini. "Kwa hiari yangu!"

Fyuuuu!

Mianzi yote ikainama kwa wakati mmoja, kuelekea mlangoni. Upepo hakuna. Fisi akashika koo. Mdomo ulikuwa bado unafunguka na kufumba, lakini hakuna kitu. Nyati naye akabaki anapepesa macho. Halafu ndani ya ile nyumba kikaanza kicheko, uhi-hi-hi-hii, cha Fisi kabisa, kikubwa, kinachosikika mabonde matatu. Fisi mwenyewe alikisikia akajikojolea, na mimi simcheki, ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

"Hii inanitosha," ikasema nyumba kwa sauti nzito ya Nyati. Sauti ndogo ndogo zikatoka mlangoni, zinapita masikioni mwa watu, kila moja inamtafuta mwenyewe. Shambani watu wakaanza kuitana majina. Wengine walilia tu kwanza. Ya Mzee Kobe ilizunguka uani mara moja, haikumpata mtu, ikaenda zake.

Sange hakungoja kupigwa picha. Pruu! mpaka chini ya mti. Chiriku alikuwa tawini, mdudu amemweka mguuni, anaogopa kujaribu.

"Waite, shoga! Waite!"

"Chiri-chiii!"

Kinywa kimoja kikafunguka. Cha pili kikafunguka. Yule wa tatu, yule wa shingo kulegea, hakusogea.

"Chiri-chiii," mama akaita tena, polepole, karibu na sikio lake. "Chiri-chiii, mwanangu."

Akafungua.

Hadithi yangu nimeimaliza, nendeni mkanawe mikono, na mjue hili: kutoa cha mwenzako si sadaka, sadaka ni kutoa cha kwako.